Jinsi ya Kumweka Mwalimu Mfukoni

Mzazi mwenzangu wa Naivasha, uwe unakaa Karagita, Kihoto, Kabati au kule Maai Mahiu, sogea nikunong'oneze. Mwanao ana usonji na yuko shuleni, au anaanza Januari. Umeshaambiwa uwe na subira. Umeshaambiwa uombe Mungu. Sasa nikuambie jinsi ya kumweka mwalimu mfukoni, kwa maana yeye ndiye atakayekaa na mwanao mchana kutwa wakati wewe uko kwenye shamba la maua, dukani au kwenye stendi ya bodaboda.

Ni halali kumfanyia mwalimu ujanja? Ni halali kabisa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, watoto walimiminika shuleni kuliko walimu walivyoongezwa, na hadi leo darasa la watoto hamsini, sitini, si ajabu. Macho ya mwalimu ni yale yale mawili. Unataka yamwangukie mwanao zaidi ya fungu lake, na unataka mwalimu ayaelekeze huko kwa hiari yake, akitabasamu.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Mwalimu ni binadamu. Anataka aonekane hodari, na anataka siku iishe salama. Kila nitakalokufundisha hapa linamlisha njaa moja kati ya hizo mbili.

1. Mtangulie mwanao kufika kwa mwalimu

Nenda wiki ya kwanza ya Januari. Ukisubiri, umechelewa mara mbili. Kwanza, mwisho wa Januari msimu wa Valentine unapamba moto, mashamba yote ya Moi South Lake Road yanakimbizana na ndege, na hapo hata ruhusa ya kwenda mazishi inaombwa kwa kupiga magoti. Pili, na hili ndilo kubwa, mwanao atakuwa ameshapewa jina. Mtoto wa Gredi ya Kwanza akipiga mayowe kengele ikilia, haipiti wiki shule nzima imemjua: msumbufu, amedekezwa, ana mapepo. Jina likishazoeleka katika chumba cha walimu, utalisugua miaka mitatu lisitoke. Wewe ndiwe uwe wa kwanza kumtaja mwanao, na kwa maneno uliyoyachagua.

Usiende asubuhi langoni, mwalimu akiwa na chaki mkononi na watoto kumi wamemng'ang'ania sketi. Nenda baada ya watoto kutoka, anaposahihisha madaftari na miguu inamuuma. Vaa vizuri. Nasema tena, vaa vizuri. Si haki, lakini ndivyo ilivyo: mzazi aliyevaa kama anaenda kanisani husikilizwa upesi kuliko yule aliyekuja na aproni ya kazi. Kaa dakika kumi, kisha wewe ndiwe uinuke kwanza. Mwalimu aliyeachiwa jioni yake atafurahi kukuona tena.

2. Peleka karatasi moja, upande mmoja

Hapa ndipo penye uchawi wote, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Usimsimulie mwalimu mimba ilivyokuwa. Usimsimulie mahospitali. Usimpelekee faili la daktari la kurasa ishirini, kwa sababu ataliweka kwenye kabati kwa heshima zote na halitafunguliwa. Peleka karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ndani ya karatasi ya nailoni ili isilowe chai. Na iandike kwa sauti ya mtoto mwenyewe. Mwalimu anaweza kubishana na mama. Anaweza kubishana na daktari. Ni vigumu sana kubishana na mtoto wa miaka saba anayejitambulisha.

Tuseme mwanao anaitwa Baraka. Andika hivi:

«Jina langu ni Baraka. Nina usonji. Niite kwa jina mara moja, kisha ningoje kidogo, nitakuja. Ukiniita mara tatu kwa haraka nitaziba masikio. Kengele inaniumiza, lakini nikiambiwa mapema kwamba inakaribia kulia, nitavumilia. Sweta ya shule inaniwasha shingoni. Nikiivua asubuhi ya baridi si ukaidi. Nikirudia maneno uliyoyasema, sikuigi, ndivyo ninavyoyashika. Nikipigapiga mikono, niko sawa, niache. Nikianza kujing'ata kifundo cha mkono, nimezidiwa. Nipeleke chini ya mti ulio karibu na jikoni, kaa karibu nami bila kunisemesha, nitatulia. Nikichapwa sielewi kosa langu, naanza tu kuogopa shule yote. Najua matatu zote za kwenda Nakuru na rangi zake. Ukitaka nihesabu, nihesabishe matatu.»

Basi, usiongeze neno. Umemwambia mwalimu nini kinaumiza, nini kinatuliza, nini aache na nini atumie. Tena umemwachia utamu mwishoni, kwa sababu hakuna mwalimu asiyependa kuwa yeye ndiye aliyemfungua mtoto aliyewashinda wengine. Umempa ufunguo. Mwache ajivunie mlango.

Hilo la kengele usilione dogo. Shule nyingi kengele yake ni chuma cha ringi ya lori kilichoning'inizwa kwenye mti, na anayeigonga ni mvulana mkubwa anayetaka asikike hadi barabarani. Kwa watoto wengi wenye usonji sauti hiyo haiingii masikioni kama inavyoingia kwetu, inawapiga. Mpe nakala ya karatasi mvulana huyo wa kengele. Mpe na mpishi, mpe na mlinzi wa lango. Wao ndio huwa wa kwanza kumwona mwanao akikimbia, na hakuna mzazi anayewakumbuka, kwa hiyo wewe utakumbukwa.

3. Wazo lako liwe lake

Usimfundishe mwalimu kazi yake. Muulize.

Unataka Baraka akae mbele, upande wa ukuta, mbali na mlango? Usiseme «nataka akae mbele». Sema: «Madam, wewe umeshika watoto wengi kuliko mimi. Unaonaje, akikaa karibu na mlango na watu wakipitapita, atatulia?» Atafikiri kidogo. Atasema, «Hapana, mama, huyu nitamweka huku mbele, kando ya ukuta.» Mshukuru kwa wazo hilo zuri. Kesho yake akija mwalimu mwingine kutaka kumhamisha mtoto, atapambana na mwenye wazo, wala si nawe.

Ratiba ya picha nayo ingiza kwa njia hiyo hiyo. Chukua kipande cha katoni, chora siku nzima kwa mfuatano: gwaride, hesabu, uji, kusoma, choo, mchezo, nyumbani. Tia kibanio cha nguo cha kusogeza kutoka picha hadi picha. Mwambie mwalimu hii ni ya nyumbani, inamsaidia kujua nini kinafuata, umemwachia aitazame tu. Akiuliza imetoka wapi, usione haya kutaja majina makubwa: Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, mpango wa TEACCH wa Eric Schopler, ulioenezwa katika jimbo lile lote tangu 1972, ambao nguzo yake ni kumwonyesha mtoto kwa macho yale ambayo masikio hayayashiki vizuri, na kuwafanya wazazi kuwa wenzi wa walimu. Mwalimu atakayejua kwamba katoni yako ina ukoo chuoni ataitundika ukutani. Mkaguzi akija, ataieleza vizuri kuliko wewe.

Ulizia pia, polepole, kama kuna mwalimu yeyote shuleni aliyepitia KISE, ile taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, Nairobi, tangu 1986. Yuko mara nyingi kuliko tunavyodhani, amepangiwa kufundisha Gredi ya Sita na hakuna anayemuuliza lolote. Muulize wewe. Mtu aliyesomea jambo akakaa miaka bila kuulizwa, ukimuuliza atakufuata hadi stendi akieleza.

4. Sifa zipitie ofisini

Sifa ya faraghani ni tamu, lakini haidumu. Mwalimu akimfanyia mwanao jambo jema, mwandikie mwalimu mkuu, kisha mpelekee mwalimu nakala. Mistari miwili inatosha: «Jana Baraka alirudi nyumbani na kalamu yake na sweta yake. Najua ni kazi ya Madam, na nimeona nikujulishe.» Barua hiyo itaingia katika faili la mwalimu, na siku ya kupandishwa cheo itatolewa.

Masharti ni mawili. Sifa iwe ya kweli, maana mwalimu anajua siku aliyofanya kazi na siku aliyosinzia, na ukimsifu kwa asilofanya atakuona mtu wa kununulika. Tena iwe ya jambo moja dogo linaloonekana. «Wewe ni mwalimu mzuri» haimfundishi chochote. «Ulimngoja amalize sentensi yake» inamfanya angoje tena kesho.

Tarehe 2 Aprili ni siku ya dunia ya kuhamasisha watu juu ya usonji. Umoja wa Mataifa uliipitisha 2007 ikaanza kuadhimishwa 2008. Shule ikiwa haijafunga, wazazi wengi huomba wapewe nafasi wazungumze kwenye gwaride. Wewe omba mwalimu wa mwanao azungumze. Mpe maneno, mpe utepe wa kuvaa, kisha simama nyuma na watoto. Mwalimu aliyesimama mbele ya shule nzima akasema usonji si utundu, hatarudi darasani amwite mwanao mtundu.

5. Daftari la nyuso tatu

Kila mwongozo utakuambia muwe na daftari la kwenda na kurudi kati ya nyumbani na shule. Ni kweli. Kinachofichwa ni kwamba mwalimu hataandika. Hana muda, ana rundo la fomu za kutathmini watoto sitini, somo kwa somo. Kwa hiyo mwandikie wewe. Chora nyuso tatu kila ukurasa: unaocheka, ulionyamaza, unaolia. Yeye atie duara tu. Chini weka maneno matatu ya kutia alama: amekula, ameenda choo, amecheza na mwenzake. Ni sekunde tano, na sekunde tano mwalimu anazo.

Uso ukiwa unalia kila Jumatano, wiki baada ya wiki, huhitaji daktari kukuambia. Tafuta Jumatano kuna nini.

Simu nayo ina adabu zake. Usimtumie mwalimu ujumbe usiku amekaa na familia yake. Usimzungumzie mwanao katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, hata kwa wema, hata kwa emoji. Na kama kuandika kunakusumbua, tuma sauti, kwa Kiswahili chako hicho hicho cha Karagita, isizidi dakika moja. Hakuna anayesahihisha.

6. Simu ya saa nne asubuhi

Itapigwa. Uko katika banda la kupakia maua, umesimama tangu alfajiri, waridi zinapita mbele yako, msimamizi anatembea nyuma yako, na simu inatetemeka kiunoni. «Mama Baraka, njoo umchukue mtoto wako, ametushinda.»

Usiseme «amefanya nini tena?» Hilo «tena» limemhukumu mtoto kabla hujasikia kesi. Usiombe radhi mara sita pia. Vuta pumzi, uliza swali moja, lile lile kila mara: «Pole, Madam. Kabla hajaanza, kulikuwa na nini?»

Mwanzoni ataona ni swali la ajabu. Atajibu, «Hakuna, alianza tu.» Mwache. Uliza tena safari ijayo. Siku ya tatu au ya nne utasikia: leo gwaride liliahirishwa. Leo uji ulichelewa. Leo walikuja wageni wa kupima macho. Leo mwalimu mwanafunzi ndiye aliyeingia. Andika kila jibu kwenye simu yako. Utaona mwanao hachagui kuwaaibisha. Siku ilibadilishwa na hakuna aliyemwambia. Tena mwalimu, kwa kuulizwa tu, ameanza kutazama kinachotangulia mayowe, na siku moja atakutangazia kwa furaha kwamba amegundua ni uji. Mpongeze. Usimwambie ulijua tangu mwezi jana.

Msaidie pia kutofautisha kudeka na kuzidiwa, kwa sababu kwa macho ni ndugu mapacha. Anayedeka anatupia jicho kuona kama unamtazama, na akipewa kitu ananyamaza. Aliyezidiwa haoni mtu, hataki kitu, na ukimpa anachokipenda atakitupa. Wa kwanza anahitaji msimamo. Wa pili anahitaji kivuli, ukimya na dakika kumi au ishirini, na maneno yoyote ya ziada yanamchelewesha.

Halafu, usikimbilie kumchukua kila wanapokuita. Najua moyo unavyokwenda. Lakini mtoto akijifunza kwamba mayowe yanamfikisha nyumbani, na mwalimu akijifunza kwamba simu inamletea utulivu, wote wawili watazoea, na ifikapo Machi mwanao atakuwa anasoma nusu siku bila mtu yeyote kuamua hivyo. Mpe mwalimu majina ya watu wawili walio karibu na shule, nyanya yake na jirani mnayeaminiana, wa kuja kukaa naye chini ya mti hadi atulie, kisha arudishwe darasani. Arudi, hata kama imebaki nusu saa. Kile kipindi cha mwisho alichorudi ndicho kinachokumbukwa na wote.

7. Kiboko

Hapa sina ujanja mwingi, nina sheria. Kuchapa mtoto shuleni kulipigwa marufuku Kenya 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikakufanya kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Nakili kifungu hicho kwa mkono wako, mpelekee mwalimu mkuu ofisini, mlango ukiwa umefungwa, umwambie unajua hapa kwake mambo kama hayo hayatokei. Atakubali kwamba hayatokei. Kisha ataitisha kikao cha walimu.

Mwanao akirudi na alama, usingoje Jumatatu. Piga picha siku hiyo hiyo, andika tarehe, mpeleke hospitali waandike wanachokiona, umwone mwalimu mkuu kesho asubuhi. Akikuzungusha, nenda kwa afisa wa watoto na ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Mtoto asiyeweza kusimulia ndiye anayepigwa kwa urahisi zaidi, na wewe ndiwe ulimi wake.

8. Pata karatasi ya EARC, na usiogope kuitwa mjuaji

Vituo vya EARC vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kumtathmini mtoto na kupendekeza asomee wapi: darasa la kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Ulizia katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo hapa Naivasha. Afisa anayehusika siku hizi huitwa CSO wa elimu maalum. Wazazi wengi wanaikwepa karatasi hiyo wakiogopa mtoto atabandikwa jina. Mzazi mwenzangu, jina alishabandikwa siku ya kengele. Karatasi inalibadilisha liwe la kweli.

Tena ina faida zinazogusa watu walipo. Mwalimu mkuu anapata mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na mtoto aliyesajiliwa kuwa na mahitaji maalum huongezewa juu yake. Mwambie hivyo kwa upole, uone atakavyokuwa na hamu ya kumsajili. Mwalimu wa darasa anapata kinga, kwa sababu mtoto akishindwa mtihani wa wenzake hataulizwa yeye. Na mwanao, akifika kwenye mitihani ya kitaifa, shule inaweza kumwombea KNEC muda wa ziada, ikiwa imeomba mapema na ina ushahidi mkononi.

Ukishaipata, omba kikao cha IEP, ule mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja. Wenye IEP nzuri hawangoji shule iiandike. Nenda na rasimu yako, malengo matatu madogo muhula mmoja: aombe choo kwa neno au kwa picha, akae kwenye gwaride hadi wimbo wa taifa uishe, abadilishane kitu kimoja na mwenzake kila siku. Mpe mwalimu kalamu yako aongeze na kupunguza. Yeye atie sahihi kwanza, wewe baadaye. Mtu hulinda alichotia sahihi.

Katika kikao hicho atatokea mtu, labda mjumbe wa bodi, atakayesema huyu mtoto angefaa shule nyingine. Usipandishe sauti. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika shule zilizo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe. Yeye, si bodi. Kifungu cha 34 cha ile sheria ya 2013 kinaikataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya ulemavu. Ziseme sentensi hizo mbili polepole, kisha umgeukie mwalimu wa darasa: «Madam, wewe ndiye unayekaa naye. Umemwonaje tangu Januari?» Ukiwa umefuata hatua zote za nyuma, sasa ndipo utavuna. Atamtetea, kwa sababu anatetea kazi yake.

Na wakikuita mzazi mjuaji, karibu katika ukoo mzuri. Bruno Bettelheim alikuwa mtaalamu mwenye sifa kubwa Marekani, na kitabu chake cha 1967 kiliwashawishi watu kwamba watoto hawa wamefungwa na ubaridi wa mama zao. Kina mama walibeba lawama hiyo kwa miaka. Aliyeivunja ni mzazi: Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mwana mwenye usonji, ambaye tangu 1964 alikuwa ameandika kwamba chanzo ni cha mwili na ubongo, si malezi. Uingereza, 1962, kikundi cha wazazi kilianzisha chama kinachoitwa leo National Autistic Society. Mmoja wao, Lorna Wing, alikuwa daktari mwenye binti mwenye usonji, na mafunzo yanayotolewa leo kwa walimu yana deni kubwa kwake. Hapa kwetu Autism Society of Kenya ilianzishwa na wazazi 2003, na kupitia wao kikapatikana kitengo cha watoto wenye usonji katika City Primary, shule ya umma ya kawaida jijini Nairobi. Hawa wote waliitwa wajuaji na mtu fulani aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza.

9. Wazazi wenzako wa darasa

Kwa ufupi. Mwanao akimsukuma mtoto wa mtu, fika wewe kwa mzazi huyo kabla ya jioni, na kitu mkononi, hata kama ni sukuma wiki. Usieleze usonji siku hiyo, omba radhi tu. Eleza wiki ijayo, akikuuliza, maana atakuuliza. Na usimwachie mwalimu kazi hiyo, kwa sababu akilazimika kuchagua kati ya mzazi mmoja na wazazi hamsini, unajua atakakoegemea.

10. Novemba, mwibie mwalimu siri zake

Mwalimu wako sasa amekolea. Anajua uji, anajua mti, anajua matatu za Nakuru. Basi ndio mwaka unakwisha, mtoto anaenda Gredi ya Pili, au TSC inamhamisha mwalimu Gilgil bila kukuuliza. Usikubali aondoke na yote hayo kichwani.

Kabla shule haijafungwa, mpelekee ile karatasi ya Januari pamoja na kalamu nyekundu. Mwambie: «Madam, umemjua kuliko nilivyomjua mimi nikiandika hii. Nisahihishie.» Hakuna mwalimu duniani aliyewahi kushikishwa kalamu nyekundu asiitumie. Atafuta, atachora mishale, atajaza pembeni. Atakuandikia kwamba siku hizi kengele haimsumbui sana, ila filimbi ya mchezo inamsumbua. Kwamba anasoma vizuri akisimama. Kwamba kuna msichana fulani dawati la pili anayemwelewa, wasitenganishwe.

Muombe atie jina lake chini, na cheo chake, na mwaka. Ipige nakala mjini. Halafu, wiki ya kwanza ya Januari, vaa vizuri, ngoja watoto watoke, mpelekee mwalimu mpya karatasi hiyo ikiwa na wino mwekundu wa mwenzake. Hatataka kushindwa na aliyemtangulia. Atakuuliza huyo msichana wa dawati la pili ni nani, na kabla hujamaliza kujibu atakuwa ameshafungua rejista kumtafuta.